Taka za Kina Lilian

Watoto wangu wananicheka kwa sababu ya ndoo. Jikoni kwangu, hapa mjini Babati, kuna ndoo mbili za taka, moja ya maganda na makombo, nyingine ya vitu vingine vyote. Gari la taka likipita linaondoka na hiyo ya pili. Hiyo ya kwanza anaifuata mama mmoja wa mtaa wa nyuma anayefuga ng'ombe wawili, na kabla sijamkabidhi, napandisha mkono wa gauni, natumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko na kupekua. Natafuta mfuko wa nailoni. Mifuko yenyewe ilishapigwa marufuku, madukani huioni, lakini mimi bado napekua.

"Mama, leo umepata dhahabu?" mwanangu mkubwa huniuliza.

Simjibu. Kwanza mkono unanuka, na pili harufu ile ya maganda ya ndizi yaliyoanza kuchacha ikishaniingia puani, mimi siko Babati tena. Niko Katesh, chini ya Mlima Hanang, nina miaka tisa au kumi, nimesimama upande wetu wa ua wa minyaa, nachungulia upande wa kina Lilian, na roho inaniuma.

Wenzangu wa rika langu mtaukumbuka wakati huo. Maduka yalikuwa yameanza kujaa. Vitu ambavyo wazazi wetu walivipanga foleni, sasa vilikuwa vimejipanga vyenyewe kwenye rafu vikisubiri watu. Mitumba ilimwagwa chini siku ya mnada, ukachagua. Kwenye bahasha bado tuliandika mkoa wa Arusha, ingawa watu wazima walishaanza kunong'ona kwamba tutapata mkoa wetu. Na ilikuja mifuko. Kabla yake ulikwenda dukani na kikapu chako au chupa yako. Baada yake hata chumvi ya kijiko kimoja ilifungwa kwenye kijimfuko. Upepo wa Katesh, ambao hauna adabu hata kwa wazee, uliibeba na kuinasa kwenye minyaa, myeupe na ya rangi, na mimi nilidhani mji unapambwa.

Sisi kwetu hatukuwa na taka. Sisemi kwa kujivuna, maana wakati ule ilikuwa ni aibu yangu kubwa. Mama alikuwa mtu wa Mbulu, wa kule juu ambako mashamba ni ya mteremko na samadi inabebwa kichwani, na aliposhuka kuolewa Katesh alikuja na tabia zake zote. Majivu yalikwenda shambani. Magunzi yalikwenda jikoni kuwashia moto. Maganda ya viazi alipewa ng'ombe, na kilichotoka kwa ng'ombe kilirundikwa nyuma ya nyumba mpaka kikaiva, kikabebwa kwenda shamba letu la Mogitu. Kopo likipatikana, liligeuzwa koroboi. Tairi la baiskeli likiisha, lilikatwa kamba za kufungia mzigo. Shati la baba likichakaa likawa langu, likichakaa zaidi likawa dekio, na dekio likifa likawa utambi. Ukimwuliza mama taka ni nini, alikujibu kwamba taka ni kitu kisicho na kazi, na hapa nyumbani asiye na kazi ni wewe unayeuliza maswali.

Kisha upande wa pili wa ua wakahamia kina Lilian.

Baba yake alikuwa Bwana Afya. Alikuwa na jina lake, lakini hakuna aliyelitumia, hata mkewe akimwita mbele ya watu alisema "Bwana Afya, chakula tayari." Walitoka Moshi. Walikula ndizi siku zote, waliletewa kwa basi, mkungu mzima. Walikunywa chai ya maziwa ya unga hata kama ng'ombe alikuwa analia mita kumi kutoka mlangoni kwao. Lilian alikuwa mtoto wao wa pekee, wa rika langu, darasa langu, na alikuwa na viatu vya Jumapili na viatu vya siku nyingine. Hayo yote ningeyavumilia. Nilichoshindwa kukivumilia ni shimo lao la taka.

Lilikuwa karibu na ua, na minyaa pale ilikuwa na upenyo, kwa hiyo nililijua kama daftari langu. Nilikuta humo makopo ya siagi ya njano, mkebe wa maziwa ya unga wenye picha ya mtoto mnene, karatasi za biskuti zinazong'aa kwa ndani, boksi la dawa ya meno, mwanasesere aliyekatika mkono. Na mifuko mingi, hasa ile ya njano yenye maua mekundu kutoka duka la stendi. Nilikuwa nasimama pale nikisoma walichokula tangu asubuhi, na kila nilichosoma kilinichoma. Nilimwonea Lilian wivu kwa vile alivyokula, na nilimwonea wivu zaidi kwa vile alivyotupa. Mtu kuwa na kitu, sawa. Mtu kuwa nacho mpaka akakichoka!

Na bado kulikuwa na habari ya ng'ombe.

Ng'ombe tuliyekuwa naye hakuwa wetu. Alikuwa wa Gidamis, rafiki wa baba, mfugaji wa Gendabi. Kwa watu wasiojua desturi hii, ni hivi: mwenye ng'ombe wengi humpa rafiki yake mmoja amtunze. Maziwa ni yako, samadi ni yako, lakini ng'ombe na ndama wake ni wa mwenyewe. Akifa, hupeleki maneno matupu. Unapeleka ngozi, aione alama yake aliyoichoma, na unamweleza amekufaje, kwa kinywa chako. Baba alikuwa akisema ng'ombe wa namna hiyo ni urafiki wenye miguu minne. Na kwa kuwa hakuwa wetu, hatukumpa jina. "Jina anatoa mwenye mali," baba alisema. Basi tukamwita hivyo hivyo tu, ng'ombe wa Gidamis.

Lilian alikaa Katesh wiki mbili, akampa jina. Akamwita Malkia.

Alizoea ng'ombe, kumbe. Huko kwa bibi yake Moshi alikuwa akiwalisha maganda. Kila jioni alikuja kwenye upenyo wa ua na mfuko wa njano umejaa maganda ya ndizi, akaita, "Malkia! Malkia!" na ng'ombe wa Gidamis, ambaye mimi nilimkatia majani tangu sijaanza shule, ambaye nilimtekea maji mpaka utosi ukapata kipara, alikata kamba kumkimbilia. Alikula mkononi mwake. Alimlamba. Mimi hakunilamba hata siku moja.

"Usimwite hivyo," nilimwambia. "Si wako."

"Kwani ni wako, Paskalina?" aliniuliza, bila ubaya wowote.

Mwaka huo likatoka agizo mjini kwamba kila kaya ichimbe shimo la taka. Mvua ilikuwa imechelewa, kipindupindu kilisikika huko njiani, na Bwana Afya alizunguka nyumba kwa nyumba na daftari lake. Mtaa wetu alituita kwake, wazazi na watoto, akatusimamisha mbele ya shimo lake mwenyewe.

"Tazameni," alisema. "Mnaona hili? Shimo liwe namna hii. Msitupe taka korongoni, msiuachie upepo. Nitapita kukagua, na kaya isiyo na shimo kama hili nitaiandika."

Watu wazima waliona urefu, upana, na udongo uliowekwa pembeni tayari kufukia. Mimi niliona kitu kimoja tu, kwamba lilikuwa limejaa.

Baba akachimba. Alichimba vizuri, kina cha kiuno, kingo zimenyooka. Alipomaliza akasimama humo ndani akafuta jasho, akamwuliza mama, "Sasa, mke wangu, tutupe nini?" Mama akafikiri. Akaingia ndani, akatoka na nusu ya kitana. Akaitazama, akabadili mawazo, akarudi nayo. Wakacheka mpaka mama akashika ukuta. Mimi sikucheka.

Bwana Afya alipopita mara ya kwanza, aliinama, akatazama ndani ya shimo letu, akakunja uso.

"Shikamoo, Bwana Afya," nilimwamkia.

"Marahaba. Mama yuko wapi? Hili shimo halitumiki hili. Taka zenu mnatupa wapi?"

"Hatuna taka," nilisema, na machozi yakanilenga.

"Hakuna nyumba isiyo na taka, mtoto. Mwambie baba yako nitarudi Jumatatu. Nikikuta hivi, naandika."

Leo najua alichofikiri. Alidhani tunamwaga korongoni kwa siri. Lakini kichwani mwangu mambo yalikuwa wazi kama mtihani wa hesabu. Bwana Afya anakagua nani ana taka za kutosha. Kina Lilian wamepata mia kwa mia. Sisi tumepata sifuri, na Jumatatu tutaandikwa, na Lilian atajua.

Jumamosi ilikuwa siku ya mnada. Mji mzima ulikwenda, kina Lilian nao, Lilian amevaa viatu vya Jumapili. Mimi nikaumwa tumbo. Mama aliponigusa paji la uso nikagumia kidogo, akaniacha na uji.

Nilihamisha taka za kina Lilian kwa kapu la mama la kubebea samadi. Nilipita kwenye upenyo wa minyaa, utomvu ukanichirizikia shingoni, nikajaza, nikarudi, nikamwaga, nikarudi tena. Sikumbuki safari ngapi, ila lao sikulimaliza. Nakumbuka furaha. Makopo ya njano yalipolala ndani ya shimo letu, nilisimama pembeni nimeshika kiuno na kuliangalia. Sisi tumekula siagi. Sisi tumekunywa maziwa ya unga. Mwanasesere wetu amekatika mkono na hatujali, tutanunua mwingine.

Mama aliporudi alilitazama shimo muda mrefu.

"Hivi vitu vimetoka wapi?"

"Upepo, mama."

Asiyeijua Katesh atacheka, lakini mama alishawahi kuona bati zima likivuka barabara. Alitikisa kichwa, akaguna, kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia hata kidogo. Akavua khanga ya juu, akaingia shimoni. Alitoa makopo yote, moja moja, akayaosha kwa majivu. Alitoa mikebe. Alitoa maboksi ya kuwashia moto. Akamtoa hata mwanasesere, akasema atashonewa mkono. Akaopoa kila kitu chenye kazi, na alipomaliza, humo ndani ilibaki mifuko tu, maana mifuko haikuwa na kazi aliyoijua. Ilikuwa imebaki na chumvi kwenye pembe, na mafuta ya nyama, na harufu ya maganda ya ndizi.

Jumatatu Bwana Afya akapita, akaona mifuko, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Sasa ndiyo hivi," alisema, akaweka alama ya vema kwenye daftari. Kwa siku hiyo moja nilikuwa mtoto mwenye furaha kuliko wote Hanang.

Ng'ombe aliufuata ule mnuko. Mchana tulimfungua kwenda kwenye maji, na shimo lilikuwa njiani, na alikuwa amefundishwa kila jioni kwamba kwenye mfuko wa njano kuna utamu. Nilimwona mara moja amepiga magoti ya mbele, shingo imezama shimoni. Nikadhani anafurahi. Nikafikiri, haya, sasa na sisi tunacho cha kumpa, hana haja ya kwenda uani.

Wanasema wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda. Mimi nilishiriki na sikukonda. Aliyekonda ni ng'ombe. Aliacha kucheua kwanza. Kisha akaacha majani, kisha tumbo likajaa upande wa kushoto, na maziwa yakakauka. Baba alimnywesha magadi, akamnywesha mafuta, akamkanda ubavu, akakesha kwa kumtembeza kuzunguka nyumba. Lilian alikuja kwenye upenyo na maganda yake akaita Malkia, na ng'ombe aligeuza sikio tu. Siku ya tisa baba akasema tusimwache afe mwenyewe, akaita mchinjaji.

Tulikuwepo wote, na majirani. Mchinjaji alipofungua tumbo aliingiza mkono, akavuta, akavuta tena, akatoa donge kubwa kuliko kichwa changu, lililosokotana, linatiririka. Akalitupa kwenye majani. Likajifungua kidogo, na ndani yake yakaonekana maua mekundu juu ya njano.

Kila mtu aligeuka kutazama ua, na nyuma ya upenyo alikuwa amesimama Lilian na mfuko wake.

"Ni mimi," Lilian alisema. Alikuwa hajaulizwa. "Labda nilimpa na mfuko. Sikuona. Baba Paskalina, sikuona."

Mama yake alimchapa hapo hapo, mbele ya watu wote, kwa fimbo ya mnyaa. Bwana Afya aliomba radhi mpaka sauti ikamkauka. Na mimi nilisimama pembeni ya mama nikashika khanga yake, na ninyi mnaosoma mtafikiri kwamba niliingiwa na huruma. Hofu ndiyo iliyoniingia. Na chini ya hofu, Mungu anisamehe, palikuwa na ahueni tamu. Kwa mara ya kwanza tangu wahamie, hapakuwa na mtu Katesh ambaye angependa kuwa Lilian.

Lakini Lilian alilia. Alilia siku tatu, shuleni na nyumbani, hakula. Mwalimu alimpeleka nje akamnawisha. Watu waliopita uani walisema, "Maskini, mtoto ana moyo, analilia ng'ombe wa watu." Mama yangu mwenyewe alimpelekea maziwa tuliyoomba kwa jirani. Hata kilio chake nilikionea wivu. Ng'ombe nilimtunza mimi, na kilio kizuri alikuwa nacho yeye.

Baba alikunja ngozi, akaniambia twende Gendabi. "Ngozi haipelekwi na mtu mmoja," alisema. "Mtoto wa nyumba awepo, asikie ninachosema, ili siku moja asije akasema kingine." Yeye alibeba ngozi. Mimi nilibeba donge la mifuko, limefungwa kwenye gunia. Tulitoka alfajiri. Lilikuwa limekauka na lilikuwa jepesi mno kwa kitu kilichoua ng'ombe, na njia nzima liliniparuza mgongoni.

Gidamis alikuwa mtu mrefu, wa umri wa baba, shuka begani, meno ya kucheka. Alipoona ngozi hakucheka. Wake zake walitupa maziwa kwenye kibuyu, yananukia moshi, tukanywa kwanza, maana habari ya kifo haisemwi kwa mgeni mwenye kiu. Kisha ngozi ikatandikwa chini. Gidamis akachuchumaa, akapapasa alama yake, akamtaja ng'ombe kwa jina alilompa yeye, la lugha yao. Siku zote hizo alikuwa na jina, sisi hatukulijua.

"Sema, rafiki," alimwambia baba.

Baba akasema yote, tangu kuacha kucheua mpaka kisu. Akaniashiria, nikafungua gunia, nikalitoa donge. Wake zake wakasogea, wakavuta mfuko mmoja, wakauinua mwanga upite, wakashangaa.

"Hii nani alimpa?" Gidamis aliuliza.

"Mtoto wa jirani," baba alisema. "Mtoto mdogo kama huyu wangu. Hakukusudia. Alikuwa anampa maganda kila jioni."

Gidamis akauchukua ule mfuko. "Huyo mtoto, sasa anasemaje?"

"Analia. Siku ya tatu leo, hali chakula. Hata jina alikuwa amempa."

"Jina?" Gidamis aliinua kichwa, na nikaona uso wake unalainika. "Mtu wa mjini, mtoto, analilia ng'ombe wangu siku tatu?" Akawatafsiria wake zake, wakatoa sauti ya kusikitika, wakapigapiga mapaja. Akasimama. "Rafiki, wewe umeleta ngozi, umesema. Mimi sina neno na wewe. Mvua ikinyesha nitakuletea mtamba. Ila jina sitoi mimi. Jina atatoa huyo mtoto anayelia."

Nilichosikia baada ya hapo ni mvumo wa masikio yangu mwenyewe. Lilian atampa jina! Lilian mwenye siagi, Lilian mwenye jozi mbili za viatu, sasa na ng'ombe mpya naye ni wake kabla hajafika kwetu, na mimi nitamkatia majani tena, nitamtekea maji tena. Kwa ajili ya nini? Kwa machozi ambayo hayakuwa hata haki yake!

"Si yeye!" nilipiga kelele. "Si Lilian aliyemwua! Ni mimi! Mifuko niliileta mimi, niliitoa kwao nikaweka shimoni kwetu! Yeye hajafanya chochote! Hajafanya chochote, asipewe!"

Watu huungama kwa sababu dhamiri imewalemea. Mimi niliungama kwa sababu sikutaka Lilian apate hata hatia.

Baba alinitazama kana kwamba nimetoka ardhini. Gidamis akachuchumaa tena, macho yake usawa wa macho yangu.

"Kwa nini uliweka shimoni?"

"Nilitaka lijae," nilisema, na hapo ndipo na mimi nikalia, kilio kibaya, cha kamasi, ambacho hakuna mtu angekionea wivu.

Akamgeukia baba. "Mtoto wako amesema kweli kwa tumbo baya, tumbo la wivu," alisema polepole. "Lakini amesema. Mtamba nitaleta. Na neno langu la jina halirudi. Kwanza kabisa huyu akamwambie mwenzake."

Kurudi, baba alitangulia mbele mpaka tulipouona mji. Hapo aliniambia tu, "Ungeniambia. Ningelijaza mawe." Mpaka leo hilo linanitesa kuliko fimbo ambayo hakunichapa.

Nilimwambia Lilian kwenye upenyo wa ua, mama yake akiwa nyuma yake na baba yangu nyuma yangu. Nilimwambia habari ya kapu, ya mnada, ya shimo. Mama yake aliweka mkono mdomoni, akatazama miguu ya binti yake yenye alama za fimbo. Lilian alisikiliza mpaka mwisho. Hakunitukana. Aliuliza kitu kimoja: "Kwa hiyo sikumuua?" Nikasema hukumuua. Akaingia ndani, na toka siku hiyo hakunisemesha, si shuleni, si njiani, hata tulipoketi dawati moja.

Mvua ikanyesha, Gidamis akaja na mtamba mwekundu mwenye baka jeupe kwenye paji. Lilian akaitwa. Alivaa viatu vya Jumapili ingawa palikuwa na tope. Akamzunguka mtamba, akamgusa sikio. Kisha akanitazama mimi, mara ya kwanza baada ya miezi, akanitazama kwa muda.

"Aitwe Paskalina," alisema.

"We Lilian!" mama yake alishtuka. "Hilo ni jina la mtu!"

Lakini Gidamis alishaanza kucheka, akacheka mpaka shuka likaanguka begani. Jina likishatamkwa, alisema, limetamkwa. Na Paskalina likawa jina lake, akaishi nalo miaka yote. "Paskalina ameingia kwenye mahindi ya watu!" mama alipiga kelele, na mtaa ukacheka. "Paskalina leo ametoa lita tatu!" Lilisifiwa jina hilo kwetu kuliko nilivyowahi kusifiwa mimi. Lilian alirudi kwenye upenyo wake kila jioni na maganda, sasa kwenye bakuli la bati, akiyapekua kwanza kwa vidole, ganda moja moja. Kupekua huku nilijifunza kwake.

Kisha Bwana Afya akapata uhamisho. Siku ya kuondoka gari lilikuwa limepakiwa, mkungu wa ndizi juu kabisa. Lilian alivuka ua, akaingia kwetu kwa mara ya kwanza kupitia upenyo nilioutumia mimi. Akamkumbatia ng'ombe shingoni, akamlisha ganda la mwisho, akamwambia sikioni lakini nilisikia, "Kwaheri, Paskalina. Nitakukumbuka." Akaegemeza shavu lake pale penye baka jeupe, na ng'ombe akamlamba. Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka hapo, nimevaa gauni safi, nikisubiri zamu yangu. Akageuka, akapita mbele yangu, akaenda kupanda gari.